Winny na Barua ya Kugawana

Kila Jumamosi Winny na baba yake walianza kuchuma chai umande ukiwa bado juu ya majani. Baba alishika mistari ya juu, karibu na barabara ya Silibwet, na Winny akashika ile ya mteremkoni. Vidole vilikata majani mawili na chipukizi lake, vikarusha kikapuni, vikarudi tena. Hawakuzungumza sana. Tangu mama afariki, miaka mitatu iliyopita, nyumba yao ilikuwa na kazi nyingi na maneno machache.

Huo ulikuwa mwaka wa 1995. Kipkurui, kaka yake Winny, alikuwa chuo kikuu, mtu wa kwanza katika ukoo wao kufika huko. Lakini wanafunzi walikuwa wamegoma, chuo kikafungwa, naye akaenda Kericho kuchuma chai ya kampuni badala ya kukaa bure. Kwa hiyo barua ya chuo ilipofika nyumbani, hapakuwa na wa kuisoma ila Winny.

Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili. Baba, Mzee Kiptum, hakupita darasa la pili. Aliifungua kwa vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, akampa binti yake. Winny alikuwa wa kwanza katika darasa la saba, na baba hakuchoka kuwaambia watu hivyo. Alisoma kwa sauti, tena harakaharaka. Maneno yalikuwa marefu, moja halijaisha lingine limeanza. Kati ya yote alitambua serikali, wazazi, na lile neno "sharing", ambalo Mwalimu Nyakundi aliwafundisha kwa kukata chungwa na kuwagawia vipande.

"Inasema nini?" baba akauliza.

Baba alikuwa akimtazama kama mkulima anayetazama wingu wakati wa kiangazi. Winny akashindwa kumvunja moyo.

"Inasema serikali itagawana na wazazi."

"Itagawana nini?"

"Pesa za chakula, baba."

Na ule ukurasa wa pili, wenye mistari ya kujazwa na nafasi ya muhuri wa chifu? Winny alisema huo ni wa kuweka tu.

Baba alicheka, kicheko kidogo kilichokauka kwa kukosa kutumiwa. Kesho yake alikwenda Silibwet kumwambia yule mtu aliyetaka kununua mtamba wao, ng'ombe waliyekusudia kumuuza kwa ajili ya Kipkurui, kwamba hauzwi tena. Serikali ikisaidia chakula, pesa zao chache zingetosha nauli na vitabu vya Kipkurui.

Juma lililofuata walikuwa kwenye kituo cha kupimia majani, wakingoja lori la kiwanda. Lori lilikuwa limechelewa kama kawaida, na watu walikuwa wameketi juu ya vikapu vyao. Baba akaanza kusimulia habari ya kugawana. Jirani yao Arasa, mwenye ulimi mkali, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ugawane na serikali? Baba Kipkurui, ukigawana ng'ombe na hao watu, wao watachukua maziwa, na wewe watakuachia mavi."

Watu walicheka. Arasa akaeleza alivyosikia kwenye redio: serikali imepunguza pesa za vyuo, chakula cha bure hakuna tena, kila mwanafunzi atanunua sahani yake, na wapishi wengi wamerudishwa makwao. Gharama hiyo ndiyo wanayotaka wazazi wagawane.

Baba hakukasirika. "Wewe umesikia redio," alisema. "Mtoto wangu amesoma barua yenyewe. Na huyu hajawahi kunidanganya."

Winny alitazama chini. Maneno ya Arasa hayakumchoma kama hayo ya baba.

Walipokuwa wakirudi, vikapu vikiwa vitupu migongoni, alisimama njiani. "Baba, ile barua sikuielewa."

"Hukuielewa wapi?"

"Karibu kote."

Winny alingoja kofi, halikuja. "Twende kwa mwalimu," baba akasema.

Waliwakuta Mwalimu Nyakundi na mkewe wakiwakatia ng'ombe majani. Mwalimu aliosha mikono, akaisoma barua polepole. Arasa alikuwa amesema kweli. Ila kulikuwa na jambo moja zaidi: mwanafunzi ambaye mzazi wake hana uwezo angeweza kupewa kazi pale chuoni, alipie chakula na chumba kwa jasho lake. Wa kuomba alitakiwa ajaze ule ukurasa wa pili, upigwe muhuri, ufike chuoni si baada ya Ijumaa iliyokuwa ikija. Atakayechelewa, nafasi yake atapewa mwingine.

Jumatatu chifu hakuwepo. Jumanne alikuwepo, lakini muhuri ulikuwa nyumbani kwake. Siku hizo zote baba aliketi kwenye benchi la ofisi, na chai yao shambani ikakomaa, ikawa majani magumu ambayo kiwanda hakichukui. "Wakati wa kukusanya mchango anajua hata mlango wa jiko langu," baba alimwambia Winny alipompelekea uji. Muhuri ulipigwa Jumatano jioni.

Yule mnunuzi wa Silibwet alikuwa amepata mtamba mwingine. Wao wakamuuza wa kwao kwa mtu wa pili, kwa bei ya kusikitisha. Alhamisi alfajiri baba alishika njia ya Kericho na ule ukurasa mfukoni, kumtafuta Kipkurui. Kipkurui alifika chuoni Ijumaa alasiri, karani akiwa ameshika ufunguo wa kufunga ofisi.

Chuo kilipofunguliwa alipata kazi. Aliandika kwa Kiswahili, ili baba asikilize bila shida, kwamba huosha sufuria kila jioni. Chumba cha wawili sasa wanalala watatu. Mchana mwingine hupita bila chakula, lakini masomo yanaendelea. Mahali anaposimama, aliandika, alisimama mpishi aliyefanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja.

Winny alimaliza kusoma. Baba alikuwa akitazama moto.

"Wamemfukuza mpishi, wakamweka mwanangu, halafu wanaita hiyo kugawana," alisema. "Sikiliza, Winny. Wakubwa wakitaka kukunyang'anya kitu hutafuta kwanza neno tamu. Neno usilolijua, usilipambe. Sema hujui. Hakuna aibu hapo. Mimi nimesema hivyo maisha yangu yote. Ukisema hujui, tutamtafuta anayejua. Lakini ukijifanya unajua, unawasaidia hao kunidanganya."

"Nimesikia, baba."

"Haya. Sasa nisomee tena. Polepole."