Aliyekuja kwa Miguu

"Chukua hii chupa uende dukani kwa Ratilal uniletee mafuta ya taa," Syombua alimwambia mwanawe jioni ile, jua likiwa bado juu ya mikonge ya Thika.

Urbanus hakuinuka kitandani. Alijua mafuta yako tele jikoni. Mama alitaka tu asimame na kutembea hadi jua lizame, asilale saa za watu kuwa macho.

Maana tangu ndege imlete kutoka Amerika, bwana huyu alikesha usiku na kukoroma mchana. Kule angani mhudumu alikuwa amemshauri: kunywa maji mengi, ukifika kula na kulala saa za wenyeji, kaa juani. Urbanus alimcheka. Mama yake alipomwambia yale yale, alimcheka zaidi.

"Umekuja upesi sana, mwanangu," Syombua alisema. "Roho yako iko njiani, inakuja kwa miguu. Ikifika ikukute macho."

"Mwaitu, mama yangu, hayo ni ya washamba. Ni saa za mwili tu hazijalingana na za huku. Niache nilale."

Washamba! Neno hilo halikukauka mdomoni mwake. Kwao, mtu aliyetoka mbali huoshwa miguu na mama yake mlangoni kabla hajakanyaga ndani. Siku aliyofika, Urbanus aliliruka karai la maji ya kumwosha, na viatu vyake vya ngozi miguuni, majirani wakitazama, akaingia navyo ndani. Syombua aliona haya mpaka akashindwa kuinua uso.

Basi jioni ile Urbanus akajifunika blanketi gubigubi, akalala.

Harufu ndiyo iliyomwamsha. Vumbi la barabara... na jasho la mtu aliyetembea sana.

Halafu nyayo. Zinakokotwa, zinasimama, zinakokotwa tena, kutoka upande wa Ruiru.

"Hodi, Mwaitu."

Sauti ilikuwa yake Urbanus mwenyewe.

Alidhani ni Munyao, jirani yao, mtu wa mizaha, anamwigiza. Mjinga yule, hana kazi ya kufanya. Akataka kumfokea.

Mdomo haukufunguka.

Akajaribu mkono, nao ukakataa. Mwili wote ulikuwa umelala fofofo, yeye peke yake ndiye aliyekuwa macho ndani yake.

Huko nje karai liliburutwa. Maji yakamiminwa.

"Nimechoka, Mwaitu," ile sauti ilisema polepole. "Njia ni ndefu. Na bahari yote ile..."

"Pole, baba. Lete mguu."

Syombua alikuwa analia. Alimwosha yule mtu huku akilia, akimwita kwa majina ya utotoni ambayo Urbanus alikuwa amemkataza kuyataja mbele ya watu. Wivu ukamkaba Urbanus kitandani. Kisha hofu, maana alielewa kwamba mtu anapokelewa kwao, na siye yeye.

Amka, alijiambia. Mwite mama. Neno moja tu...

Pazia likasogezwa.

Mwanga ulikuwa umebaki kidogo, hakuuona uso. Aliona miguu mitupu inayochuruzika maji sakafuni, na kidole gumba kilichopinda kama chake. Mama yake alisimama kando, amemshika yule mtu mkono.

Syombua akamtazama aliyelala. Alimtazama kwa muda bila hasira yoyote, vile mtu hutazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Na huyu ni nani?" akanong'ona.

"Nilisafiri naye," ile sauti ikajibu. "Ni mtu wa dharau nyingi. Mwache alale."

Urbanus akapiga kelele kwa nguvu zake zote. Hata blanketi halikutikisika.

Mama yake akalirudisha pazia taratibu, asije akamsumbua, akaenda kumpakulia mwanawe chakula.