Nani Anakusugua Mgongo, Baba?

Jumamosi ile Baba alisahau taulo lake nyumbani. Jua lilikuwa linazama ng'ambo ya ziwa, barafu imegeuka kijivu, nami nikateremka kwenye sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke, na taulo begani huku nikinung'unika. Mzee yule alikumbuka makosa ya kila waziri tangu ujana wake, lakini taulo hakulikumbuka.

Nililitundika kwenye msumari wa mlango wa nje, nikagonga ili ajue. Sikuingia. Siku hizo nilikuwa siingii mahali alipo Baba.

Nikasikia maji yakimwagwa juu ya mawe ya moto.

Chhhhh...

Harufu ya moshi na sabuni ya lami ikapenya kwenye mbao. Kisha sauti ikauliza, taratibu:

"Niongeze?"

"Ongeza," Baba akajibu.

Chhhhh...

Nilibaki nimesimama pale pale. Baba alikuwa ameingia peke yake.

Nikajiambia wajane huongea peke yao, na huenda wengine hujijibu. Nikapanda nyumbani haraka kuliko nilivyoteremka.

Mama yangu, Raili, alikuwa amefariki kwa korona mwezi Machi katika hospitali ya mjini. Tulimuaga kupitia simu iliyoshikwa na muuguzi aliyefunikwa uso. Akazikwa na watu wa kuhesabika, jeneza limefungwa. Kwetu, mkoani Savo, zamani, watu walizaliwa saunani na walipokufa wakaoshwa humo humo. Baba hakulia mazishini. Alisema tu, "Hakuna aliyemuosha."

Mimi nilitoka Helsinki siku moja kabla barabara za mkoa hazijafungwa, nikaja kukaa naye. Alikuwa amepita miaka sabini na mapafu yake yalikuwa mabovu kama viriba vilivyotoboka. Niliyekwenda dukani ni mimi, kwa hiyo hatari ilikuwa mimi. Yeye alikula mezani, mimi nilikula karibu na jiko, tukazungumza kwa sauti kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Tangu mazishi sikuwa nimemgusa hata kidole.

Lakini tuliishi, tena siyo vibaya. Asubuhi kulikuwa na kahawa, na Lahja, jirani yetu, alitundika mikate yake ya iliki kwenye nguzo ya geti ikiwa bado ya moto. Redio ilipiga nyimbo za zamani za dansi ya tango na Baba alizifuatisha kwa kijiko. Tulikuwa tumeviringisha pipa bovu hadi katikati ya barafu, tukawekeana dau la soseji: litazama lini? Kila asubuhi tulikaa dirishani kulitazama. Nani angesema pipa lenye kutu lingekuwa sinema yetu?

Na Jumamosi, sauna. Mimi kwanza, Baba mwisho. Hilo lilikuwa ombi lake. Alitaka awe yeye wa kumwaga maji ya mwisho, yale ambayo mtu huwamwagia waliotangulia kisha anatoka na kuwaachia mvuke wao.

Siku iliyofuata ile ya taulo, Jumapili, alikuwa ananyoa kidevu kwenye karo, kifua wazi. Nikauona mgongo wake. Ulikuwa mwekundu, umesuguliwa ukang'aa. Katikati kabisa, pale ambapo mkono wa mtu haufiki, lilikuwa limeganda jani la mti wa mbetula kutoka kwenye kile kifungu cha vitawi tunachojipigia saunani.

"Nani anakusugua mgongo, Baba?"

Wembe ukasimama shavuni.

"Mama yako," akasema. Akaendelea kunyoa.

Nilicheka, maana sikujua nifanye nini kingine. Yeye hakucheka.

Tangu hapo akaanza kuwasha sauna Jumatano pia. Kisha kila jioni. Kuni alizipasua mwenyewe, akikohoa. Mikate ya Lahja ilianza kukauka kwenye sahani, redio ikazimwa. Nilipomwambia pipa limeinama upande hakugeuza hata shingo. Suruali ilimlegea kiunoni. Mchana kutwa alikaa akisubiri jioni, na jioni alitoka mle mikono baridi, sauna ya moto vile! Nilijua ni baridi kwa sababu kikombe alichokishika na kunirudishia kilikuwa baridi, na kahawa ndani yake pia.

"Jumamosi hii usinisubiri kula," akaniambia. "Raili anataka tukae mpaka jiko lipoe."

"Baba, jiko hupoa alfajiri."

"Basi alfajiri."

Nilijua ningemkuta vipi alfajiri hiyo. Niliogopa, nasema wazi. Nilikuwa nimemzika mmoja bila kumgusa na sasa naenda kumzika wa pili.

Nikaenda getini kwa Lahja. Alisimama upande wake wa barabara, kikapu mkononi, barakoa imemteremkia kidevuni. Nilipomaliza kumwambia hakunicheka.

"Anamsugua baba yako," akanong'ona. "Na yeye? Yeye anasuguliwa?"

"Sijui."

"Muulize. Raili alikuwa haoshi mtu kabla hajaoshwa yeye. Kila mwanamke wa kijiji hiki anajua, tulikuwa tunamtania."

Ni kweli. Mama alipanda benchi la juu na neno lake la kwanza lilikuwa, haya, mgongo wangu.

"Na nikimuuliza halafu?"

Lahja akatazama msituni. "Bibi yangu alikuwa na hadithi zake. Kuna mwanamke wa huko. Kwa mbele utampenda. Lakini hakupi mgongo, Outi. Hata ufanye nini." Akavuta barakoa ikafunika pua. "Chukua mikate yako, inapoa."

Nilimuuliza Baba mchana ule ule. 

"Anasema mgongo wake hauwashi," akajibu.

Jumamosi sikwenda kuoga kwanza kama kawaida. Nilingoja aingie, nikateremka bado kuna mwanga, nikavua viatu, nikasukuma mlango wa ndani.

Giza na joto. Mdomo wa jiko ulitoa mwanga mwekundu kidogo, basi. Baba alikaa benchi la juu, ameinama, mbavu zinahesabika. Kando yake alikaa mwanamke.

Nywele za Mama. Mabega ya Mama. Hata ule mkao wake wa kukunja goti moja. Mgongo wake ulikuwa umebandikwa ukutani, kabisa.

"Outi," akasema. "Njoo. Kuna nafasi."

Harufu ya lami ilikuwepo. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine... ya majani yaliyooza kwenye maji.

Nilikuwa nampenda sana mama yangu. Kwa dakika ile nilitaka kukaa tu. Mungu anisamehe, nilitaka anisugue na mimi.

Nikapanda. Nikachukua sabuni na sponji.

"Haya Mama," nikasema. "Geuka. Mgongo wako."

Hakugeuka.

"Mgongo wa baba yako kwanza," akasema.

"Geuka, Mama."

Akatabasamu. Meno yalikuwa ya Mama, hata lile lililovunjika. Nikapitisha mkono wangu kati yake na ukuta, nikatafuta ngozi.

Hapakuwa na mgongo.

Palikuwa na shimo. Ukingo wake ulikuwa gome la mti, lililolowa, na ndani mlikuwa na uozo laini uliomeguka vidoleni mwangu, baridi kama maji ya chini ya barafu. Mkono ukazama hadi kwenye kiwiko bila kugusa kifua upande wa pili.

Nikapiga kelele. Nikatoa mkono, nikashika kata, nikamwaga maji yote juu ya mawe. Mvuke ulilipuka ukatuchoma masikio. Nilifumba macho, nikamkumbatia Baba. Nilipofumbua, benchini tulikuwa wawili.

"Siyo yeye, Baba! Siyo Mama!"

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Tangu siku ya kwanza." Alikuwa analia, machozi na jasho haviachani. "Nilikuwa na Raili miaka yote ile, unadhani simjui? Lakini nani mwingine angenigusa, binti? Wewe ukinipa kahawa unaiweka sakafuni na kurudi nyuma."

Nilikuwa nimemlinda vizuri kiasi hicho. Nikatia sponji majini, nikapaka sabuni, nikaanza kumsugua, mabegani, kwenye uti, pale katikati mkono usipofika. Alikuwa mwembamba na baridi. Akahema kwa kishindo kama mtu aliyetua mzigo, na polepole ngozi ikaanza kupata moto chini ya mkono wangu.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mlangoni.

"Kuna nafasi?" ikauliza sauti ya Mama. Kwa adabu kabisa, kama jirani.

Sisi hatuna jibu la pili kwa swali hilo. Sauna ikijaa hadi watu wanakaliana magoti, anayegonga huambiwa ipo, panda. Tunafundishwa kabla ya kujua kusoma. Nilisikia Baba akivuta pumzi ajibu. Ni mazoea tu, jibu lilikuwa tayari mdomoni.

Nikamziba mdomo kwa mkono wenye povu.

"Pamejaa," nikasema.



"Pamejaa?" ikarudia, kama haikuelewa neno.

"Pamejaa."

Kitu kikasogea nje, kikiburuta tawi kwenye changarawe. Kikaelekea msituni bila haraka. Muda kidogo baadaye ziwa likanguruma, barafu ikipasuka kutoka mwisho hadi mwisho, tukashikana mikono kama watoto.

Asubuhi pipa halikuwepo. Hakuna aliyedai soseji yake. Baba alikula mikate ya Lahja hadi nikamkataza, akawasha redio, kijiko kikaanza. Mimi nilisogeza kiti changu mezani. Niliogopa kikohozi chake kila usiku wa mwaka ule, na kila Jumamosi nilimsugua mgongo. Mwaka uliofuata alipochanjwa, aliwalalamikia watu wote wa foleni kwamba sindano ilikuwa butu.

Alikufa kiangazi kingine, kitandani kwake, madirisha wazi. Nilimuosha mwenyewe, saunani. Lahja alishika ndoo. Lahja naye sasa hayupo.

Nimebaki hapa. Helsinki sikurudi, na sina wa kunirudisha. Jumamosi nawasha sauna, najipigia vitawi vyangu, namwaga maji ya mwisho kwa ajili yao na kutoka mara moja, sigeuki nyuma. Bega langu la kulia limekaza siku hizi, mkono haupandi. Kuna sehemu katikati ya mgongo wangu ambayo haijaguswa na mtu tangu Baba aondoke. Inawasha.

Vuli hii kumeanza kugongwa tena. Sauti siyo ya Mama sasa. Ni ya Baba, yenye kikohozi chake.

"Kuna nafasi, binti?"

"Pamejaa," najibu. Nasema kwa nguvu, peke yangu, kwenye benchi refu.

Kila mara ilikuwa inaondoka. Jumamosi iliyopita haikuondoka. Ilikaa pale mlangoni ikifikiri, nikasikia gome likikwaruza mbao. Kisha ikacheka, kwa upole, ikaniuliza:

"Pamejaa na nani?"