Chachu ya Bibi

Asubuhi aliyofariki bibi, muuza maziwa aligonga mlango kama kawaida, na hakuna aliyetoka na sufuria. Nyumba ilijaa watu. Wageni walikunywa maziwa yote ya mgando yaliyokuwepo, na hakuna aliyewaza kugandisha mengine.

Aliyewaza ni mdogo wangu tu, tuliyemwita Kidoti. Alikomba masalio kwenye chupa ya chachu, yaani ule mgando ambao bibi aliutia kidogo kidogo kwenye maziwa mapya ili yagande. Maziwa ya kuilisha hayakuwepo. Basi akaichanganya na maji na glukosi iliyobaki kando ya kitanda cha bibi.

Wageni walipopungua, mama alichemsha maziwa, akayapoza, akatia chachu ile. Kulipokucha yalikuwa mepesi vilevile.

"Imekufa," mama alisema kwa sauti ndogo. "Mama mkwe ameondoka nayo." Akainua sufuria akayamwage.

"Mama, usimwage!" Kidoti akaishika sufuria. "Mimi... niliilisha glukosi."

"Glukosi! Nani alikutuma?"

"Bibi alikuwa akipewa apate nguvu. Nikadhani na yenyewe..."

Shangazi, anayefanya kazi katika maabara ya kiwanda cha maziwa, alikuwa akifunga mizigo yake. Akaliacha begi wazi.

"Wifi, hebu weka sufuria chini. Mtoto ametuambia jambo kubwa." Akamgeukia Kidoti. "Kwenye chachu kuna bakteria hai. Glukosi kwao ni chakula kilichokwisha tafunwa. Wakiipata, wanazima jeni za kula sukari ya maziwa."

"Jeni ni nini, shangazi?" nikauliza.

"Ni maagizo yaliyo ndani ya kila kiumbe. Hizo zinawaambia watengeneze vifaa vya kuvuta sukari ya maziwa na kuikata. Glukosi ikiwepo, vifaa hivyo vya nini? Sasa imewaishia, inabidi waziwashe jeni zao upya, na hiyo inachukua muda."

"Kumbe wamedeka," mama akasema. "Kama mtu fulani ninayemjua." Akanitazama mimi. Tulicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Tuliifunika sufuria kwa kitambaa, tukaiweka penye joto. Kidoti hakutoka kucheza. Alikaa kando yake kama anayemuuguza mtu.

Alasiri shangazi aliiinamisha taratibu. Maziwa hayakukimbilia ukingoni. Yalisogea kwa pamoja, mazito, yakinukia ule uchachu tuliouzoea. Mama akaketi palepale sakafuni, akashusha pumzi ndefu.

"Ungenyamaza," shangazi alimwambia Kidoti, "mama yako angeyamwaga, na mimi nisingejua la kumwambia. Ukikosea sema mapema, mwanangu, wakati bado kuna cha kuokoa."

Siku hizi chachu ya bibi hulishwa maziwa tu. Kidoti ndiye anayeitunza. Sufuria naosha mimi.