Waya wa Klachi Aliokaza Selina

Miaka ile mjukuu wangu Selina alipokuwa darasa la sita, tuliishi Bujora, mimi, yeye na baba yake, mwanangu Nkwabi. Kila asubuhi nilichemsha michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, Selina akaifuta pikipiki vumbi, na Nkwabi akanywa chai amesimama kabla ya kwenda Kisesa kubeba abiria. Mpaka leo naikumbuka sauti ya pikipiki ile ikipita kwenye mawe.

Kisha pleti za klachi, vile visahani vinavyobanana kupeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, zikachakaa. Fundi Muganyizi wa Kisesa akafunga mpya, si zile za kiwanda chenyewe, ila alisema zitafaa. Muganyizi ni Mhaya. Mume wangu alipofariki, aliniletea buni za kutafuna kama ilivyo desturi ya kwao, akakaa nami mchana kutwa bila maneno mengi. Sijasahau.

Baada ya siku chache pikipiki ikaanza kushindwa mlimani. Injini ilinguruma, mwendo haukuwepo, na harufu ya kuungua ilitoka. Abiria mmoja alishuka, akatembea. Madereva wa kijiweni wakamtania Nkwabi kwa jina wanalowaita wanaume wa Kisukuma, "Ngosha, unauza safari au kelele?"

Alirudi amekasirika. Alisema Muganyizi amemfungia pleti bandia, na kwamba ameshawaonya madereva wote wasiende tena kwake. Selina akaacha kula. Nilidhani anaumwa.

Nilimsihi Nkwabi amwite fundi tumsikilize. Muganyizi alikuja mapema jioni, kwani hakuwa na mteja hata mmoja. Kwetu mgeni hahojiwi akiwa na njaa, basi nikampa maji na michembe, akala kwanza. Kisha aliuliza kuhusu oili, maana isiyofaa hutelezesha pleti. Ilikuwa ileile aliyoiweka yeye. Akaushika mkono wa klachi, akaubonyeza kwa kidole.

"Niliacha nafasi hapa, mkono ucheze kidogo kabla ya kuvuta waya," alisema. "Sasa hauchezi kabisa. Waya ukikazwa hivi, pleti hazibanani sawasawa. Zinateleza na kuungua. Nani ameugusa?"

Nkwabi alisema si yeye. Selina akasogea mbele polepole.

"Ni mimi, Fundi. Wakati nafuta pikipiki niliona waya umelegea, nikakaza nati kama nilivyokuona ukifanya. Nilitaka Baba asipate shida."

"Mbona hukuniambia?" baba yake aliuliza.

"Ulikuwa umekasirika. Halafu ukawaambia watu wote, nikazidi kuogopa."

Muganyizi hakumkemea. Alimpa spana, akamwelekeza alegeze nati mpaka mkono ucheze kidogo. Injini ilipopoa, Nkwabi alinipakia mimi, tukapanda mlima mpaka juu bila kuteleza. Fundi alisema pleti zimeungua kidogo tu, bado zitafanya kazi.

Tuliporudi nilimketisha Selina karibu nami. "Ulikosea ukitaka kusaidia, mjukuu wangu. Hilo tunalisamehe. Lakini uliponyamaza, mtu mwema alibeba kosa lako. Ukiharibu kitu, sema mapema. Nawe Nkwabi, uliza kabla ya kumlaumu mtu."

Nkwabi aliinamisha kichwa, akamwomba Muganyizi radhi.

Kesho yake Selina aliomba kwenda kijiweni na baba yake. Aliwaamkia madereva, akawaeleza yote mwenyewe. Nkwabi akaongeza kwamba yeye ndiye aliyemsingizia fundi. Kisha mzee mmoja akawasha pikipiki yake, akasema klachi yake nayo inasumbua, akaelekea kwa Muganyizi.