Nani Kakuelekeza kwa Mwamvita?

Vingunguti kuna machinjio. Upepo ukigeuka, hata aliyefunga madirisha anajua kwamba leo ng'ombe wamechinjwa. Na huko huko Vingunguti, katika chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu mama yake, Mwamvita alikuwa akipika udi.

Watu walimcheka. Udi Vingunguti? Mwamvita aliwajibu kwamba hapo ndipo unapotakiwa. Anayelala penye maua anahitaji udi wa nini?

Kazi hiyo alifundishwa na mama yake. Asubuhi alichemsha sukari na maji mpaka yakawa mazito. Alitia vibanzi vya msandali, akakoroga taratibu. Vikipoa, alivinyunyizia marashi ya waridi, miski na zafarani. Jioni, mwanamke aliyenunua udi huo alitia kibanzi kimoja juu ya kaa la moto ndani ya chetezo, akafukiza khanga zake. Hapo nyumba nzima ilijua kwamba mwenyewe yupo.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara zilifunguliwa, na bidhaa za Dubai zikaingia kwa fujo. Marashi ya chupa, yale ya kupuliza, yalipangwa njia nzima Buguruni. Wateja wa Mwamvita walikuwa wale wale, mashoga na majirani wa mama yake. Nao walikuwa wakipungua.

Mwezi wa Rajabu ulipoandama, kaka yake Khalfani alikuja. Nyumba ile ilikuwa urithi wao wawili. Khalfani hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Alisema amepata mpangaji, kijana anayeitwa Twaha. Twaha alitaka chumba cha mbele auzie marashi ya chupa.

"Mdogo wangu, udi wako umepitwa na wakati," Khalfani alisema. "Tukiuona mwezi wa Ramadhani, Twaha anaingia. Wewe utapikia uani."

"Sitoki, kaka."

"Wateja wako wako wapi?"

"Watakuja. Huyo Twaha mwambie atafute chumba kwingine."

Khalfani aliondoka akitikisa kichwa. Mwamvita alibaki amesimama mlangoni na hasira zake. Chumba kile ndicho mama yake alichofanyia kazi mpaka alipofariki. Kwenda uani aliona ni kufukuzwa. Lakini alijua pia kwamba hasira haileti mteja.

Kesho yake alikwenda Kariakoo kununua msandali kwa Maryambai. Maryambai alikuwa na duka la viungo, duka alilorithi kwa babu yake. Mwamvita alimweleza yote. Maryambai alisikiliza huku akipima iliki, kisha akamuuliza wateja wake wapya wanatoka wapi.

"Mungu huwaleta," Mwamvita alijibu.

"Mungu huleta kwa kumpitia mtu," Maryambai alisema. "Mtu huyo ni nani?"

Mwamvita hakujua. Hakuwahi kuuliza. Kwao mgeni hahojiwi mlangoni. Hukaribishwa, akapewa maji.

Maryambai alicheka, akamwambia amkaribishe, ampe maji, kisha amuulize. Kila anayekuja mara ya kwanza aulizwe nani kamwelekeza. Akiwa ametumwa na mtu, Mwamvita atie karafuu moja kwenye bakuli. Akiwa amejipitia tu njiani, atie mbegu ya ubuyu.

"Kuuliza tu kutanisaidia nini?" Mwamvita alisema.

"Sikiliza. Wateja kumi wakikuletea watano, na wale watano wakaleta wawili, mwisho hatakuja mtu. Lakini kumi wakileta kumi na wawili, na hao nao wakaleta zaidi yao, watu wataongezeka bila wewe kuwafuata. Sharti kila mmoja alete zaidi ya mmoja. Sasa kajue wewe uko wapi."

Mwamvita alikwenda kujua. Baada ya wiki mbili mbegu za ubuyu zilifunika kitako cha bakuli. Karafuu zilikuwa za kushika kwa vidole viwili. Alitazama bakuli lile, roho ikamuuma. Yaani miaka yote hiyo hakuna aliyemtaja?

Aliamua kulazimisha. Alitangaza kwamba anayemleta mwenzake atapewa nyongeza ya udi. Basi chumba kikajaa! Huyu kaja na wifi, yule kaja na binamu. Karafuu zilipanda. Mwamvita alirudi Kariakoo akitembea kwa maringo.

Maryambai aliuliza swali moja tu: "Hao walioletwa, wao wamemleta nani?"

Hakuna. Walikuwa wamewasindikiza wenzao wapate nyongeza. Walinusa, wakasifu, wakaenda zao, na hawakurudi. Maryambai alimwambia kwamba mtu anayekuja kwa ajili ya nyongeza, nyongeza ikiisha naye ameisha. Akamshauri aende kwa mteja anayempenda kweli, amuulize kwa nini hamtaji.

Mteja huyo alikuwepo. Aliitwa Bi Chausiku, mama wa makamo, mke wa pili wa mwashi mmoja wa Kiwalani. Tangu uhai wa mama yake Mwamvita, hakununua udi kwingine. Mwamvita alimfuata nyumbani kwake, akamwamkia, akamuuliza.

Bi Chausiku alikuwa amekasirika tangu siku za nyongeza. "Mie umeniona dalali?" alisema. "Umetaka ukweli, nakupa. Udi wako ndio heshima yangu. Mume akienda kwa mke mwenzangu akakuta harufu hiyo hiyo, mie nimebaki na nini? Wakiniuliza nanunua wapi, nawaambia naletewa kutoka Unguja."

Mwamvita alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe hawakumdharau. Walimpenda, na kwa kuwa walimpenda walimficha. Alifurahi na kukasirika kwa pamoja, maana sifa zake zote alikuwa anapewa Unguja.

Njia nzima ya kurudi alifikiri. Hawezi kumlaumu Bi Chausiku. Kama kumtaja fundi kunampunguzia mtu kitu, hatamtaja, hata umwongezee nini. Kwanza aondolewe hasara hiyo.

Siku ya pili alipika udi wa Bi Chausiku peke yake. Alizidisha waridi, akapunguza miski, akatia asumini kidogo. Alimpelekea kopo lililofungwa uzi mwekundu.

"Huu ni wako," alimwambia. "Simuuzii mtu mwingine. Hata mke mwenzio akija, nitampikia wake, wako hataupata."

"Apa."

Mwamvita aliapa. Kisha akampa pakiti ndogo ya karatasi yenye udi wa harufu nyingine. Akamwomba ampe mtu mmoja amtakaye, amwambie imetoka wapi.

Kuanzia hapo kila mteja alikuwa na udi wake na uzi wake wa rangi, na pakiti moja ya kumpa mwingine. Wa uzi wa kijani alizidishiwa zafarani. Wa uzi mweupe alitiliwa karafuu. Khalfani aliposikia alisema dada yake atachanganyikiwa. Mwamvita alijibu kwamba bora achanganyikiwe chumbani kuliko uani.

Sasa midomo ilifunguka. Siri ya mtu ilikuwa salama, kwa hiyo alitamba. Katika arusi moja Bi Chausiku alipita katikati ya wanawake, khanga zimefukizwa, akaulizwa. "Mie nina fundi wangu Vingunguti," alisema. "Nendeni, atawapikieni. Huu wangu lakini hamuupati." Akatoa ile pakiti, akampa mama wa bwana arusi mbele ya watu.

Mwamvita aliendelea kuuliza na kutia bakulini. Aligundua jambo jingine. Pakiti aliyopewa mtu aliyekuwa anakaa nyumbani tu ilisahaulika kabatini. Iliyotolewa siku mbili kabla ya arusi iliwaleta watu upesi. Kwa hiyo aliacha kumgawia kila mtu. Alimpa yule anayekwenda kwenye shughuli, na Shaabani yote ilikuwa shughuli.

Karafuu zilizifunika mbegu za ubuyu. Mwamvita hakuridhika na hilo, maana alishadanganywa na karafuu mara moja. Aliwafuatilia walioletwa. Safari hii nao walileta wenzao, na wale wenzao wakaleta wengine.

Siku mbili kabla ya Ramadhani, Khalfani alikuja na Twaha. Twaha alishika futi ya kupimia ukuta. Walishindwa kuingia. Wanawake walijaa chumbani, wengine walikaa barazani na vikombe vya maji mikononi.

Khalfani alimvuta dada yake kando. "Umewakusanya mashoga zako leo ili nionekane mjinga."

"Waulize."

Khalfani alimgeukia mwanamke wa kwanza. Huyo alitoka Kiwalani, ametumwa na wifi yake. Wa pili alitoka Temeke, alipewa pakiti na jirani arusini. Wa tatu alikuwa bibi mzee, amekuja kutoka Kinondoni na mjukuu wake. Khalfani alimpa shikamoo, akamuuliza nani kamwelekeza.

"Marahaba. Somo yangu wa Magomeni."

"Na yeye alielekezwa na nani?"

"Nitajuaje, mwanangu? Kila mtu huko anajua."

Twaha alianza kuikunja futi yake polepole.

"Hawa unawajua?" Khalfani alimuuliza dada yake kwa sauti ya chini.

"Simjui hata mmoja," Mwamvita alisema. "Na wengi, hata aliyewatuma simjui. Mama angekuwa hai angewakaribisha humu humu. Uani siendi, kaka. Kodi aliyokuahidi Twaha, utaipokea kwangu. Mpangaji wako ni mie."

Nyuma ya Khalfani walisimama wanawake wawili wageni, wanauliza kama hapa ndipo kwa fundi wa udi.

"Ndipo," Mwamvita aliwajibu. "Karibuni. Kaka, pisha mlangoni, watu wapite."

Khalfani akapisha.