Nilimgusa Bega Msomali Pekee Kwenye Mstari

Nina miaka hamsini na mitatu, ni mjane, na ninauza chakula cha kuku na dawa za mifugo katika soko moja karibu na Kangundo. Watu hunijua kama mama asiyemung'unya maneno. Ukiniletea kuku mgonjwa, nitakuambia wazi kama atapona au umchinje leo. Na bado mimi huyo huyo nilidanganya mchana kweupe mbele ya hakimu, na mtu asiye na hatia akakaa rumande mwaka mmoja na miezi miwili. Ninaona aibu kuandika, lakini nitaandika.

Ilikuwa siku ya soko, saa nane mchana. Aliingia mwanamume mrefu, mwembamba, amevaa kofia na barakoa. Nilidhani anataka dawa ya kupe. Akatoa panga ndani ya koti, akaniambia nilale chini. Nililala! Alichukua simu zangu mbili, akanipiga mgongoni kwa ubapa wa panga, akaenda zake. Yote yaliisha upesi hivi kwamba ungekuwa unapima kilo mbili za pumba ungekuwa bado hujamaliza.

Nilitoka nje nikipiga kamsa. Watu waliniuliza alikuwa anakaaje. Nikasema ni mrefu, mwembamba, mweupe mweupe... amekaa kama Msomali.

Hebu nisimame hapo kidogo. Nilikuwa nimeona nini hasa? Macho na mikono miwili. Kwetu Ukambani hakuna watu warefu? Hakuna wembamba? Kaka yangu mwenyewe ni mrefu kama mlingoti na hakuna aliyewahi kumwita Msomali. Lakini nilikulia kijijini Kola nikisikia kwamba Wasomali si watu wa hapa, kwamba mtu akipotea na kitu chako huenda ni wao, na sikuwahi kujiuliza nani alihakikisha. Siku nilipoogopa, hilo ndilo neno lililonitoka.

Sokoni siku hiyo kulikuwa na Msomali mmoja tu. Anaitwa Yusuf. Ana duka la viatu Machakos mjini, na alikuwa amewaletea mzigo wachuuzi wetu. Vijana wa boda boda walimzingira kabla hajamaliza kushusha maboksi. Hakuwa na simu zangu, hakuwa na panga, hakuwa na kofia. Walisema lazima amempa mwenzake akakimbia navyo. Polisi wakamchukua.

Kesho yake niliitwa kituoni kwenye gwaride la utambulisho. Wanaume wanane walikuwa wamesimama mstari mmoja. Saba walikuwa watu wetu, wengine wafupi, wengine wanene, na mmoja nilimjua kabisa kwa sababu hununua chakula cha nguruwe kwangu. Wa nane alikuwa Yusuf. Baadaye sana wakili mmoja alinieleza kwamba wanaopangwa wanatakiwa kufanana na mshukiwa, ili shahidi asiongozwe na umbo wala rangi. Siku ile sikujua, na hakuna aliyejali.

Afisa aliniambia, "Mama, angalia pole pole. Huyo mtu ako hapa."

Sasa niambieni, kama ako hapa, ningemgusa nani? Mteja wangu wa chakula cha nguruwe? Nilitembea moja kwa moja, nikamgusa Yusuf bega. Alinitazama, akaniambia kwa Kikamba safi kuliko cha watoto wangu kwamba hanijui na sijawahi kumwona. Nilishtuka kusikia lugha yangu kinywani mwake. Badala ya kujiuliza, nilikasirika... niliona kama ameniibia kitu kingine tena.

Yusuf alishtakiwa kwa wizi wa mabavu. Alipoomba dhamana, upande wa mashtaka ulisema anaweza kutorokea ng'ambo ya mpaka. Mpaka gani? Babu yake amezikwa Machakos, na yeye mwenyewe safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Mombasa. Dhamana ikakataliwa. Mimi nilikuwa nimeketi pale nyuma, na ninakiri kwamba nilifurahi.

Zamu yangu ya kutoa ushahidi ilipofika, niliapa nikishika Biblia. Yusuf hakuwa na wakili, kwa hiyo aliniuliza maswali mwenyewe.

"Mama, ulijua aje ni mimi, na huyo mtu alikuwa amefunika uso?"

"Macho yako," nikamjibu. "Siwezi kuyasahau."

Hakimu akaniuliza kama nina hakika. Nikasema sina shaka hata kidogo. Nilikuwa na shaka! Nilikuwa nayo tangu kituoni. Lakini kanisani walikuwa wameniombea, sokoni walikuwa wananiita mama jasiri, na mimi nilikuwa nimezoea kuwa yule mtu anayesema jambo moja na kusimama nalo. Niliona nikirudi nyuma nitachekwa.

Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Mwaka ukapita. Kisha siku moja niliitwa kituoni nikatambue mali yangu. Walikuwa wamemkamata kijana aliyevamia duka jingine, na nyumbani kwake walipata simu yangu moja, bado ina picha ya marehemu mume wangu akimkamua ng'ombe. Kijana alikuwa amesimama hapo, mrefu, mwembamba, mweupe mweupe. Alikuwa Mkamba kama mimi. Mama yake tunaimba naye kwaya.

Afisa aliyekuwa na faili akaniuliza taratibu, "Na yule Msomali, mama? Tuseme walikuwa wawili?"

Wasomaji wangu, hapa ndipo ninapoona aibu kuliko pote. Kule mwanzo ningeweza kusema niliogopa, nilichanganyikiwa. Hapa sikuwa na woga wowote wa panga. Nilijua kabisa kwamba aliingia mtu mmoja. Lakini wiki tatu zilikuwa zimebaki binti yangu Mueni aletewe mbuzi wa ntheo, wale ambao bila hao kwetu ndoa haihesabiki. Wakwe walikuwa wanakuja na wazee wao. Je, wangekaa kwangu kula nyama wakijua mama wa bibi harusi aliapa uongo mahakamani? Nilijiambia nitasema ukweli ntheo ikiisha. Mtu ambaye amekaa ndani mwaka mzima, wiki tatu ni nini?

Nikamjibu afisa, "Pengine walikuwa wawili. Mwingine alisimama nje."

Akaandika.

Ntheo ilifanyika Jumamosi, ikafana. Mbuzi walikuja wanene, wazee wakaridhika, nikasifiwa kwa kulea binti mwenye adabu. Nilicheza mpaka miguu ikavimba. Jumatatu nilienda Machakos mjini kununua mzigo, na muuzaji ninayenunua dawa kwake, mama Mwislamu aliyezaliwa mjini humo, akanipa habari bila kujua ananipa mimi. Mama yake Yusuf wa viatu alikuwa amefariki Jumamosi. Walimzika siku hiyo hiyo kabla ya jua kutua, kama ilivyo desturi yao. Watu walikimbia huku na huku wakiomba mwanawe aruhusiwe kuja kumzika, lakini wikendi hakupatikana wa kutia sahihi.

Jumamosi... nikicheza.

Nilimwambia Mueni yote jikoni kwangu. Nilitaka anifariji. Hakunifariji. Aliniuliza swali moja tu, "Mami, ulingoja kwa sababu yangu?" Akaenda kuvaa viatu, akasema twende mahakamani sasa hivi.

Tulienda. Nilimweleza kiongozi wa mashtaka, na siku ya kesi nikarudia mbele ya hakimu kwamba sikuuona uso wa mtu, kwamba aliingia mmoja, na kwamba nilimchagua Yusuf kwa kuwa ndiye Msomali pekee aliyewekwa pale. Hakimu alinikaripia na kunionya kwamba kuapa uongo ni kosa ninaloweza kufungwa. Kesi ikaondolewa, Yusuf akatoka.

Mwezi uliofuata nilienda nyumbani kwake. Mkewe alinipa kiti na chai. Nilipiga magoti. Yusuf aliniomba niinuke, akanisikiliza hadi mwisho, akaniita mama kwa Kikamba, akaongea bila kupandisha sauti.

"Mwaitu, mimi nimekusikia. Lakini mama yangu alikuwa mtu wa kuamini mahakama. Alikuwa ananiuliza kila akija kuniona, kama kweli hujaiba, mbona huyo mama wa watu ameshika Biblia? Amekufa akiuliza hivyo. Sasa hii pole yako nitampelekea wapi?"

Nilimshukuru mkewe kwa chai, nikatoka.

Kanisani niliacha kukaa mbele. Wengine sokoni wamenikasirikia, si kwa kumfunga Yusuf, bali kwa kumtaja mahakamani yule mwana wa mwenzetu wa kwaya! Hao siwalaumu sana, kwa sababu najua walikojifunzia. Nilijifunzia huko huko.

Nawaomba ninyi mnaosoma, msifikiri dhuluma ya mahakamani huanza kwa hakimu. Ile yangu ilianza mdomoni mwangu, nje ya duka, kabla polisi hajafika. Ukiitwa kumtambua mtu na hukumwona, sema hukumwona, hata kama wote wanakungoja useme vingine. Na kama umeshasema uongo, usingoje sherehe yako iishe. Nenda leo, mtu huyo akiwa bado na mama wa kuambiwa.