Mbwa wa Mzee Polikarpi

Jua lilikuwa linazama Dafroza alipofika kwa Mzee Polikarpi kuchagua mbwa. Alikuwa na haraka. Mumewe Jovin alikuwa amekwenda Omurushaka kuuza kahawa, asingerudi mpaka kesho yake, na mwanawe Allen, wa miaka mitatu, alikuwa amemwacha kwa jirani.

Kwake kupata mbwa lilikuwa jambo la kufa na kupona. Tangu mvua zianze, kulikuwa na kitu kinachozunguka nyumba yao giza likishaingia. Nyayo tu... polepole... kisha kimya. Kila kilipopita, Allen aliamka anachemka homa. Ilianza hivyo hivyo kwa dada yake, Restuta, na Restuta walishamzika.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, chagua mwenyewe."

Pale Nyakatuntu, ukitaka mbwa ulikwenda kwa Polikarpi, basi. Kila kaya ilikuwa na mbwa aliyetoka kwake. Mzee mpole, aliwalisha kwa kiganja chake mwenyewe mpaka siku ya kuondoka. Jioni ile walikuwa wamebaki wawili. Mweupe alimjia Dafroza akitingisha mkia, akamlamba vidole. Mweusi alikuwa amefungwa kamba kwenye mti wa kahawa, manyoya yamemsimama, anambwekea mzee hadi sauti imemkauka.

"Huyo ana kichaa," mzee alisema huku akicheka. "Mimi ninayemlisha ndiye ananibwekea! Wewe una mtoto mdogo. Chukua mpole."

Nani angebisha? Mama gani angempelekea mtoto mgonjwa mbwa wa namna ile? Dafroza alimfunga mweupe kanga shingoni, akashukuru, akashika njia.

Alipita kwa jirani kumchukua Allen, akafika nyumbani, akatia komeo. Walikula ndizi na maharage. Mbwa alijikunja karibu na mlango, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze Dafroza alijisikia ana mwenzake. Akapunguza taa, akajilaza na mtoto.

Ndipo akasikia.

Chwa... chwa... chwa...

Majani makavu ya migomba yalikuwa yanakanyagwa. Harufu ya udongo mbichi ikapenya chini ya mlango, udongo wa kaburi lililochimbwa leo. Dafroza alimvuta mtoto karibu.

"Bweka," alimnong'oneza mbwa. "Bweka basi, nakuomba..."

Mbwa aliinuka. Akanusa upenyo wa mlango. Masikio yakasimama.

Hakubweka.

Alitingisha mkia. Akalia kile kilio chembamba cha furaha, cha mbwa anayempokea aliyemlea, akaanza kuukwaruza mlango atoke.

 Watu walikuwa wakisema mbwa wa kijiji hunyamaza kitu hicho kikipita kwa sababu wanakiogopa; Dafroza alikuwa ametumaini wake, akilala ndani, angethubutu kubweka. Sasa alitega sikio. Kwa Byabato... kwa Benadeta... mpaka kule bondeni. Hawakuwa wamenyamaza. Walikuwa wakilia kwa sauti ndogo, kwa furaha, kaya moja baada ya nyingine, njia nzima kutoka kwa Polikarpi hadi kwake.

Alitaka kupiga yowe. Lakini angemwambia nani? Mzee aliyempa mbwa kila mtu, na kila mtu akamshukuru! Na yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili, alikuwa amemleta mlinzi wa adui karibu na kitanda cha mwanawe. Alijichukia.

Nyayo zikasimama mlangoni.

Mwili wa Allen ulikuwa umeanza kuchemka. Akafumbua macho.

"Mama," alinong'ona, "babu anasema tumfungulie mbwa wake."

Nje hakuna aliyekuwa amesema neno. Dafroza alimkumbatia mtoto kwa nguvu zake zote, akamgeuza uso amtazame yeye. Allen hakumtazama. Alikuwa anauangalia mlango juu ya bega la mama yake, na alikuwa anatabasamu.